Jenerali aliyempandisha cheo bosi wake

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2016, katika miezi yake ya mwanzo ofisini, Waziri wa Ulinzi wa Slovakia, Luteni Jenerali mstaafu Peter Gajdoš, alimpandisha cheo Andrej Danko na kumfanya kapteni wa jeshi la akiba. Danko hakuwa mwanajeshi kwa taaluma. Alikuwa mwanasheria, Spika wa Bunge, na zaidi ya yote, mwenyekiti wa Chama cha Taifa cha Slovakia, SNS, kilichompeleka jenerali huyo katika kiti cha uwaziri.

Habari hiyo ilipojulikana, nchi nzima ilicheka. Wachora katuni walipata kazi ya miezi mingi, na jina la "Kapteni Danko" likamganda mwanasiasa huyo hadi leo. Lakini ukiacha kicheko pembeni, tukio hilo lilieleza jambo ambalo hotuba nyingi za bungeni zisingeweza kulieleza kwa ufasaha huo. Katika kambi ya jeshi, kapteni humpigia jenerali saluti. Katika serikali ya mseto ya Bratislava, ni jenerali aliyekuwa akimsikiliza kapteni.

Safari ya kisiasa ya Gajdoš ilidumu miaka minne kamili, kuanzia Machi 2016 hadi Machi 2020. Si ndefu, wala haikuishia kwa kishindo. Hata hivyo ndani yake mna mambo mawili ambayo hadi leo yanaigusa Ulaya ya Kati: ununuzi wa ndege za kivita uliokuwa mkubwa kuliko ununuzi wowote wa silaha uliokuwa umefanywa na nchi hiyo hadi wakati huo, na mkataba wa kijeshi na Marekani ambao waziri huyo huyo aliukataa. Mkono ulionunua ndege za Mmarekani ndio uliousukuma mkataba wa Mmarekani kando. Kuelewa namna hilo lilivyowezekana ni kuelewa kinachompata mwanajeshi anapovua magwanda na kuvaa kadi ya chama.

Slovakia ni nchi ndogo, yenye watu wapatao milioni 5.4. Ilizaliwa Januari 1, 1993 Czechoslovakia ilipogawanyika kwa amani, ikajiunga na NATO mwaka 2004, na inapakana na Ukraine kwa mpaka wa karibu kilometa 100. Mpaka huo mfupi ndio unaoifanya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo kuwa na uzito kuliko ukubwa wa jeshi lake.

Uchaguzi wa Machi 2016 haukumpa mtu yeyote ushindi wa kutawala peke yake. Chama cha Smer cha Waziri Mkuu Robert Fico kilipoteza wingi wake bungeni na kulazimika kutafuta washirika. SNS, kilichokuwa kimetupwa nje ya Bunge mwaka 2012, kilirejea na asilimia 8.64 ya kura na viti 15. Katika mgawanyo wa vyeo, Danko alichukua uspika, na chama chake kikapewa, pamoja na mengine, Wizara ya Ulinzi.

Hapa yafaa msomaji aelewe utaratibu wa serikali za mseto za nchi hizo. Waziri Mkuu hateui mawaziri wote kwa hiari yake. Wizara hugawiwa kwa chama, na chama ndicho kinacholeta jina. Akitaka kumwondoa waziri wa chama mshirika, Waziri Mkuu huhatarisha serikali nzima. Waziri naye hujua fika kwamba aliyempa kiti, na anayeweza kumnyang'anya, ni mwenyekiti wake wa chama.

Kwa nini SNS walimtaka jenerali? Chama hicho cha kizalendo kilikuwa kikijaribu kusafisha sura yake baada ya miaka ya vituko chini ya mwenyekiti wake wa zamani, Ján Slota. Afisa aliyefikia ngazi za juu za jeshi, mwenye nyota mabegani na sauti ya utulivu, alikuwa mtaji. Kwa upande wa jeshi, hoja nayo ilikuwapo. Kwa miaka mingi wizara hiyo ilikuwa mikononi mwa wanasiasa wa kiraia, bajeti yake ikiwa imeshuka hadi asilimia moja na kidogo tu ya pato la taifa, na magari ya kivita yaliyorithiwa kutoka enzi za Mkataba wa Warsaw yakizeeka uani. Askari wengi walitumaini kwamba safari hii angekuja mtu anayejua kifaru kinavyowashwa.

Kivuli cha Štefánik

Ili kupima uzito wa neno "jenerali" katika masikio ya Mslovakia, ni lazima kurudi nyuma zaidi ya karne moja. Uwanja wa ndege wa Bratislava una jina la jenerali. Chuo cha kijeshi cha Liptovský Mikuláš kina jina la jenerali huyo huyo. Na mwaka 2019, televisheni ya umma ilipowaomba wananchi wamchague Mslovakia mkuu kuliko wote, wakamchagua yeye: Milan Rastislav Štefánik.

Historia yake inasomeka kama ya kutungwa, ingawa si ya kutungwa. Alizaliwa Julai 21, 1880 katika kijiji cha Košariská, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, wakati ambapo Waslovakia walikuwa chini ya Hungary. Alisoma elimu ya nyota huko Prague, akahamia Paris, akapanda Mont Blanc kulitazama jua kwa darubini, na mwaka 1910 akawa Tahiti kuitazama nyota yenye mkia ya Halley. Mwaka 1912 akawa raia wa Ufaransa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijifunza urubani na kuruka juu ya uwanja wa mapambano wa Serbia.

Mwanaanga huyo ndiye aliyetumia marafiki zake wa Paris kumfungulia mlango Tomáš Masaryk amwone Waziri Mkuu wa Ufaransa, Aristide Briand, Februari 1916. Pamoja na Masaryk na Edvard Beneš waliunda baraza lililopigania kuzaliwa kwa Czechoslovakia. Alikwenda Urusi, Romania, Marekani na Italia kukusanya watu wa kujiunga na jeshi la nchi ambayo bado haikuwapo kwenye ramani. Mwaka 1918 Ufaransa ilimpa cheo cha brigedia jenerali, na Novemba mwaka huo dola mpya ikamtangaza Waziri wa Vita.

Mei 4, 1919, ndege aina ya Caproni iliyokuwa ikimrejesha nyumbani kutoka Italia ilianguka karibu na Bratislava. Alikufa pamoja na Waitaliano waliokuwa naye ndani ya ndege. Alikuwa na umri wa miaka 38. Tayari alikuwa amekwisha kukosana na Beneš kuhusu nani, Wafaransa au Waitaliano, wawe walezi wa jeshi jipya, na minong'ono kwamba ndege ile ilitunguliwa haijaisha hadi leo.

Lililo muhimu kwa uchambuzi huu ni moja. Shujaa huyo alikuwa Waziri wa Vita kwa karibu nusu mwaka bila kukanyaga akiwa hai ardhi ya nchi aliyokuwa waziri wake. Hakuwahi kugombania bajeti. Hakuwahi kusaini zabuni. Hakuwahi kukaa kwenye kikao cha chama akaambiwa lipi la kusema kesho yake. Kaburi lake kubwa la mawe meupe lililo juu ya kilima cha Bradlo, kazi ya msanifu Dušan Jurkovič iliyokamilika mwaka 1928, halina doa la siasa za kila siku. Kila jenerali wa Slovakia anayeingia serikalini hupimwa kwa kipimo cha mtu ambaye hakupata kutawala, jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu si haki kwa yeyote, Gajdoš akiwamo.

Waliomfuata walitawala, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Ferdinand Čatloš ni mfano mchungu kuliko yote. Machi 1939, Slovakia ilipojitenga chini ya kivuli cha Ujerumani ya Hitler, afisa huyu alifanywa jenerali na Waziri wa Ulinzi wa serikali ya Jozef Tiso. Aliongoza majeshi ya Slovakia katika uvamizi wa Poland Septemba mwaka huo, na mwaka 1941 jeshi lake likapelekwa dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Ilipofika mwaka 1944, akiona upepo umegeuka, aliandaa kwa siri waraka wa kuwapendekezea Wasovieti ushirikiano. Moscow haikuutaka. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo, uasi wa kitaifa ulipolipuka, alisikika redioni akiwataka wananchi wasiyapinge majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakiingia. Siku chache baadaye alikimbilia kwa waasi hao hao. Hawakumkumbatia: walimkamata, akapelekwa Moscow. Mwaka 1947 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitano. Wahenga wetu walisema njia mbili zilimponza fisi, na ni shida kumpata mtu aliyestahili msemo huo kuliko Čatloš.

Martin Dzúr alikuwa wa namna nyingine. Mslovakia huyu, aliyejiunga mwaka 1943 na kikosi cha Wachekoslovakia kilichopigana upande wa Wasovieti, aliteuliwa Waziri wa Ulinzi wa Czechoslovakia katika majira ya kuchipua ya mwaka 1968. Usiku wa Agosti 20 kuamkia 21, vifaru vya Mkataba wa Warsaw vilipovuka mipaka, yeye ndiye aliyeamuru askari wabaki kambini na wasifyatue risasi. Wapo wanaosema aliokoa maelfu ya roho, na wapo wanaosema alikabidhi nchi. Ukweli ni kwamba alibaki katika kiti hicho hadi Januari 1985, karibu miaka 17. Chama kilimtunza.

Imrich Andrejčák naye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa mwisho wa kutoka Slovakia katika Czechoslovakia iliyokuwa inavunjika, kuanzia Julai 1992. Jeshi liligawanywa kwa uwiano wa wawili kwa mmoja, Wacheki mafungu mawili na Waslovakia fungu moja, kwa kufuata idadi ya watu. Ndege, vifaru, risasi na hata majengo viliorodheshwa, na mgawanyo ukamalizika bila risasi kufyatuliwa, wakati ule ule ambapo Yugoslavia ilikuwa inaungua. Machi 1993 akawa Waziri wa Ulinzi wa kwanza wa Slovakia huru, katika serikali ya Vladimír Mečiar. Mwaka mmoja baadaye Bunge likaiangusha serikali hiyo, naye akaondoka nayo.

Ndege kumi na nne

Turudi kwa Gajdoš. Kazi kubwa aliyoikuta mezani ilikuwa ni anga. Slovakia ilikuwa ikilindwa na ndege za MiG-29, baadhi zilizopatikana katika mgawanyo ule wa mwaka 1992 na nyingine zilizoletwa na Urusi miaka ya 1990 kama malipo ya deni. Mafundi wa Kirusi walikuwa wakizihudumia katika kambi ya Sliač, katikati ya nchi. Nchi mwanachama wa NATO ilikuwa haiwezi kurusha ndege zake za kivita bila msaada wa mafundi kutoka nchi ambayo NATO ilikuwa ikiitazama kwa wasiwasi, hasa baada ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka 2014.

Washindani walikuwa wawili: Gripen ya Sweden na F-16 ya Marekani. Wengi walitarajia chama cha Danko kivute breki. Danko hakuficha mapenzi yake kwa Moscow, na mwaka 2017 alisimama kuhutubia Bunge la Urusi, Duma. Lakini Julai 2018 serikali, kwa pendekezo la Gajdoš, iliidhinisha ununuzi wa F-16 mpya 14 pamoja na silaha na mafunzo, kwa gharama ya karibu euro bilioni 1.6.

Uamuzi huo unastahili kutajwa kwa haki kama jambo kubwa alilolifanya. Mawaziri wa kiraia waliomtangulia walikuwa wamelipiga danadana suala hilo kwa miaka. Mwanajeshi alilimaliza.

Namna alivyolimaliza, hata hivyo, ilizua mtafaruku. Mwishoni mwa Novemba 2018 wizara yake ilisaini nyaraka za mkataba kabla Wizara ya Fedha haijatoa kibali chake. Waziri Mkuu Peter Pellegrini, aliyekuwa ameshika nafasi ya Fico Machi mwaka huo, alisema hadharani kwamba mkataba huo haukuwa na nguvu. Wizara ya Ulinzi ikashikilia kwamba unao. Kwa siku kadhaa dunia ikashuhudia serikali moja ikibishana yenyewe kwa yenyewe kama imenunua ndege au haijanunua. Kibali kilipatikana, na Desemba 12, 2018 sherehe ya kusaini ikafanyika Bratislava.

Aliyezoea maisha ya makao makuu ya jeshi angeweza kumtetea. Kule, amri ikishatolewa, kazi ya mkuu wa vifaa ni kutekeleza, si kuzunguka na barua kuomba saini za wizara nyingine. Serikali ya kiraia haiendi hivyo, na mwenye mfuko wa fedha ndiye mwenye neno la mwisho.

Ajali ilikuja kukumbusha kwamba haraka ile haikuwa ya bure. Septemba 28, 2019, MiG-29 moja ilianguka karibu na kijiji cha Nové Sady. Rubani aliruka na kupona.

Mambo mengine hayakwenda. Mpango wa kununua magari ya kivita 81 ya magurudumu manane na mengine 404 ya magurudumu manne, uliotangazwa mwaka 2017 kwa thamani ya euro bilioni 1.2, haukufika popote katika kipindi chake. Ilikuwa hadi mwaka 2022, chini ya waziri mwingine, ndipo Slovakia ilipoagiza magari 76 aina ya Patria kutoka Finland. Mafunzo ya kijeshi ya hiari kwa vijana, ambayo Danko aliyapigia debe kwa moyo wote, yalivuta watu wachache.

Kisha likaja suala la pikipiki. Julai 2018, katika kijiji cha Dolná Krupá magharibi mwa nchi, iligundulika kwamba wanachama wa klabu ya waendesha pikipiki ya Kirusi iitwayo Mbwamwitu wa Usiku, inayojulikana kwa ukaribu wake na Rais Vladimir Putin na kwa kuunga mkono kutwaliwa kwa Crimea, wamejijengea makao. Ndani ya uzio kulikuwa na magari ya kivita na vifaru vya zamani. Vilitoka wapi? Vilitoka katika taasisi ya historia ya kijeshi, iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi. Vilikuwa vyuma vikuukuu visivyopiga risasi, na wizara ilieleza kwamba kulikuwa na makubaliano rasmi. Rais wa wakati huo, Andrej Kiska, alilipinga jambo hilo waziwazi, na Ukraine nayo ikaonyesha wasiwasi wake. Ni vigumu kuamini kwamba afisa aliyetumikia miongo kadhaa hakuona picha hiyo ingesomekaje upande wa pili wa mpaka.

Mkataba uliokataliwa

Jaribio lenyewe hasa lilikuja mwaka 2019. Marekani ilikuwa ikizungumza na Slovakia kuhusu mkataba wa ushirikiano wa ulinzi, wa aina ambayo nchi nyingi za mashariki mwa NATO zilikuwa nao. Ungeruhusu majeshi ya Marekani kutumia viwanja vya ndege vya kijeshi vya Sliač na Kuchyňa, na Marekani ingetoa dola milioni 105 kuviboresha. Viwanja hivyo ndivyo vingehitajika kwa F-16 ambazo Gajdoš mwenyewe alikuwa ameziagiza miezi michache iliyopita.

Machi 2019 wizara yake ilitangaza kujitoa katika mazungumzo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni uhuru wa nchi: kwamba mkataba ungewapa Wamarekani mamlaka kupita kiasi katika ardhi ya Slovakia. Msimamo huo ulikuwa ndio wa SNS, neno kwa neno. Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali hiyo hiyo, Miroslav Lajčák, alipingana naye mbele ya vyombo vya habari, na washirika wa NATO wakabaki wamepigwa na butwaa.

Hoja ya uhuru wa nchi si ya kupuuzwa. Waslovakia wenye umri mkubwa wanakumbuka majeshi ya kigeni yaliyoingia mwaka 1968 na kukaa hadi mwaka 1991, na mjadala kama huo ulizuka tena Bunge lilipojadili mkataba huo miaka mitatu baadaye. Lakini swali si kama hoja ilikuwapo. Swali ni kama ilikuwa ya jenerali au ya mwenyekiti. Mtu aliyenunua ndege anajua kwamba ndege huhitaji njia ya kurukia, ghala la silaha, na mafundi wa nchi iliyoziunda. Asipolijua yeye, nani atalijua?

Hapo ndipo kicheko cha mwaka 2016 kilipopata maana yake. Gajdoš hakuwa na wapiga kura wake mwenyewe ndani ya chama. Hakuwa na tawi, hakuwa na mkoa wa kumsimamia, hakuwa na wabunge waliomtazama yeye badala ya Danko. Nyota mabegani zilimpa heshima, lakini heshima hiyo ilikuwa ni ya kukopa, na aliyemkopesha alikuwa akiketi kwenye kiti cha Spika. Katika suala la ndege, ambapo mwenyekiti aliruhusu, alikuwa waziri mwenye nguvu. Katika suala la mkataba, ambapo mwenyekiti alikataa, alikuwa msemaji.

Wapiga kura walitoa hukumu yao Februari 29, 2020. SNS kilipata asilimia 3.16, chini ya kizingiti cha asilimia 5 kinachohitajika kuingia bungeni. Kwa haki, hawakupiga kura kuhusu Gajdoš. Walipiga kura wakikumbuka mauaji ya mwandishi wa habari Ján Kuciak na mchumba wake Martina Kušnírová ya Februari 2018, na uozo uliofichuliwa baada yake, ambao serikali nzima ilibebeshwa. Machi 21, 2020 jenerali alikabidhi ofisi.

Mauaji hayo yalimgusa jenerali mwingine pia, wa polisi. Tibor Gašpar, aliyeongoza polisi tangu mwaka 2012, alijiuzulu mwaka 2018 kwa shinikizo la umma, baadaye akafunguliwa mashtaka ya jinai ambayo anayakana, na mwaka 2023 akachaguliwa mbunge kwa tiketi ya Smer. Yeye aliingia siasa kupitia mlango ule ule wa chama, ingawa kwa sababu tofauti kabisa.

Ng'ambo ya mpaka, huko Jamhuri ya Czech, mwanajeshi mwingine alichagua njia nyingine. Jenerali Petr Pavel, aliyeongoza Kamati ya Kijeshi ya NATO kuanzia mwaka 2015 hadi 2018, hakuomba wizara kwa mtu. Aligombea urais akiwa mgombea huru na Januari 2023 akamshinda bilionea Andrej Babiš kwa zaidi ya asilimia 58 ya kura. Wapinzani wake walimkumbusha kwamba miaka ya 1980 alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, naye akalazimika kulijibu hilo kampeni nzima. Lakini alipoingia ikulu, hakuwa na mwenyekiti wa kumpigia simu usiku. Ni kweli kwamba urais wa Prague una mamlaka madogo kuliko wizara ya ulinzi yenye bajeti ya mabilioni. Hata hivyo mwaka 2024 alipotangaza mjini Munich kwamba nchi yake imepata risasi za mizinga za kuinunulia Ukraine nje ya Ulaya, serikali nyingine zilimsikiliza na kutoa fedha. Alizungumza kama jenerali na kama mwanasiasa kwa wakati mmoja, jambo ambalo Gajdoš hakupata nafasi ya kulifanya.

Mkataba aliougomea ulisainiwa Washington Februari 3, 2022 na mrithi wake, Jaroslav Naď, na Bunge likauidhinisha Februari 9. Siku 15 baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Mafundi wa Kirusi waliondoka Sliač, na kufikia mwishoni mwa Agosti mwaka huo MiG-29 zikaacha kuruka, huku Wacheki na Wapolandi wakichukua jukumu la kulinda anga ya jirani yao. Machi 2023 serikali ilitangaza kuzitoa 13 kati ya ndege hizo kwa Ukraine, uamuzi ambao Fico na Danko waliupinga vikali.

Septemba mwaka huo huo SNS kilirejea bungeni kwa asilimia 5.62 na kuingia tena katika serikali ya Fico. Safari hii Wizara ya Ulinzi haikwenda kwao. Smer ilijichukulia yenyewe na kumpa Robert Kaliňák, mwanasheria asiye na nyota hata moja begani.

Ndege zilichelewa. Zilitakiwa kuanza kufika mwaka 2022, lakini janga la UVIKO-19 na uhaba wa vipuri vya kielektroniki viliisogeza ratiba mbele. Mbili za kwanza zilitua Julai 22, 2024 katika kambi ya Kuchyňa, moja ya viwanja viwili vilivyotajwa katika mkataba ule wa Marekani. Aliyekuwa waziri siku hiyo ni Kaliňák.